Gunia la Chai Lililoniumbua

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Tukuyu, na siku hizi nikipita kituo cha kununulia majani ya chai nainamisha kichwa.

Jumamosi ile nilichuma chai ya kishamba changu, nikaishindilia kwa goti kwenye gunia moja ili nisirudi mara mbili. Jirani yangu, Mama Atupele, akaniambia, “Mwalimu, usiyabane, yanapumua hayo. Yatachemka.”

Nikamcheka! Nikamweleza kwamba jani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, na likishachumwa kazi yake imekwisha. Nikafunga gunia, nikaliacha mpaka saa tisa.

Kituoni karani alikuwa Lusajo, niliyemfundisha kidato cha tatu. Akaingiza mkono guniani, akautoa haraka kama aliyegusa sufuria jikoni. Majani yalikuwa mekundu, yanafuka mvuke. Wakulima wote waliokuwa kituoni wakasogea kutazama, Mama Atupele akiwemo.

“Mwalimu,” Lusajo akasema kwa upole, “si ulitufundisha kwamba jani huunguza sukari yake usiku na mchana, na joto hutoka humo? Swali hilo nililikosa. Ukanichapa viboko viwili.”