Msamaha Ambao Filsan Hakuuomba

Hakuna aliyemwomba Filsan Dagane arudi Garissa, na wengi hawakuficha kwamba heri angebaki huko huko Tanzania, alikokuwa akilipwa kucheza mpira. Akipita sokoni na hijabu yake na suruali pana ya mazoezi, wauzaji ng'ombe waliomjua babake walitema mate chini. Walimjibu salamu kwa sababu dini inawalazimu, si kwa kupenda.

Kule klabuni hakuwa kondoo. Timu ya wanaume ilipolazwa hotelini na ya wanawake kwenye sakafu ya darasa, aliwaambia wenzake wasivae viatu vya kuchezea. Mechi ikachelewa, viongozi wakatukana weee, mwishowe vitanda vikapatikana. Alirudi nyumbani akidhani Garissa nayo itasikia hoja. Hapo ndipo alipojidanganya.

Alitaka kitu kimoja tu: wasichana aliowafundisha wapewe uwanja mkubwa siku mbili kwa juma. Walikuwa wakifanya mazoezi nyuma ya machinjio, wakiruka mifupa na miiba, huku vijana wa kiume wakiuhodhi uwanja kila jioni. Shauri likapelekwa kwa wazee. Kwa desturi yao mwanamke hasimami mbele ya kikao. Maneno yake hubebwa na ndugu wa kiume. Filsan akamtuma Kerrow, kaka wa mamake, ambaye kwa heshima alimwita Abti. Alimfundisha la kusema mpaka mzee akachoka kuitikia.

Siku ya kikao wanawake waliketi nje ya turubai. Kerrow alisimama, akakohoa.

"Binti yetu amekosa," alisema. "Alikwenda kucheza mbele ya macho ya wageni. Leo anaomba msamaha. Mpira ameuacha."

Filsan, kati ya wanawake wale, alisikia kila neno. Uwanja haukutajwa hata kidogo. Wazee walifurahi sana, maana hakuna kazi nyepesi kama kumsamehe asiyekukosea. Mwenyekiti wao, Mohamednoor, akainua mikono kusoma Fatiha. Ikishasomwa na watu wakaitikia amin, shauri limefungwa, na atakayelifungua ndiye mkorofi.

Wote waliitikia. Filsan akainuka, akaingia ndani ya turubai.

"Mimi sikuitikia," alisema. "Sikuomba msamaha. Niliomba uwanja."

Minong'ono iligeuka matusi. Mmoja alimwita mwehu, mwingine akauliza kama kwao wanaume wameisha. Mohamednoor hakumtazama hata usoni. Alisema uwanja ni wa vijana wa kiume, basi, akaagiza chai.

Kesho yake jioni Filsan aliwapeleka wasichana kwenye uwanja ule ule. Waliketi kwenye duara la katikati, na vijana wa kiume, kwa kukosa pa kuanzia mchezo wao, wakabaki pembeni wakizomea. Kerrow alikuja na bakora mkononi, akatembea mpaka katikati ya uwanja.

"Nilitaka kukuokoa, ukanivua nguo mbele za watu," alisema. "Hawa wazee wangekuoza kwa heshima. Sasa nani atakutaka? Kuanzia leo tafuta mwingine wa kukusemea."

Filsan alisimama, na wasichana wote wakasimama nyuma yake.

"Sitafuti," alimjibu. "Toka uwanjani, Abti. Tunaanza mazoezi."