Udongo wa Mzee Okoth

Jirani yangu Phelister amekulia Eastlands, akafanya ukarani mpaka akastaafu, na uso wa babake hajawahi kuuona. Mzee Okoth, mfanyakazi wa reli, alikufa Phelister akiwa bado tumboni. Akazikwa haraka haraka hapa hapa Nairobi, kwenye makaburi ya kando ya mto, na makaburi yenyewe baadaye yakamezwa na mitaa. Mamake, Mama Celine, sasa ana miaka tisini kule Siaya na ombi lake ni moja tu: aletewe udongo wa kaburi la mumewe uzikwe bomani, ili siku yake ikifika alale ubavuni pake. Kwao udongo huo ni mtu. Unazikwa kwa sala na watu wanalia.

Basi Phelister akaanza kutafuta ramani za zamani kwenye simu. Mimi Ndinda nilimcheka.

"Dada, mtandao utakuonyesha kaburi?"

Akaniambia ninyamaze. Kwenye tovuti ya maktaba moja ya ng'ambo akapata ramani ya mji, ya miaka ile ile babake alipokufa. Ukiivuta kwa vidole inapanuka mpaka unaona njia za miguu. Kariobangi yetu haimo kabisa! Ni pori, timbo la mawe, na mto. Majina yote yamebadilika, lakini mto haujahama, kwa hivyo aliilinganisha na ramani ya leo kona kwa kona. Siku moja akapiga yowe nikamwaga chai. Alama ya makaburi ilikuwa upande wetu wa mto, palipo na gereji za mafundi wa jua kali.

Tukaenda. Saruji kila mahali. Mwenye ploti akatufukuza, eti tutamharibia biashara kwa habari za maiti. Shenzi kabisa! Lakini Muthama, anayechomelea mageti pale, ni mtu wa kwetu Machakos. Nikambembeleza kwa Kikamba. Mwenye ploti alipokwenda kula, akatuchimbia udongo kidogo kwenye ufa kando ya mtaro. Phelister akaufunga kwa leso, akaupakata.

"Baba, twende nyumbani," akasema, na mimi machozi yakanitoka.

Akampigia simu, akaiweka spika, kaka yake mkubwa, Austine, anayeishi na mama yao. Austine akakohoa kwanza.

"Dada, tulishamaliza Jumamosi. Mama alikuwa anadhoofika. Nilichota udongo kituoni nilipokuja Nairobi juzi juzi. Padri pia alikuwepo."

Kituo cha magari! Mahali watu wanakojoa!

"Basi tutazika huu," Phelister akasema.

"Mtu hazikwi mara mbili. Unataka kutuletea kifo? Na Mama utamwambia nini?"

Mara tukasikia sauti ya Mama Celine akiomba simu. "Phelister, mwanangu, asante. Austine ameniambia ni wewe uliyempata. Tangu afike, nalala vizuri."

Ningekuwa mimi, ningesema yote, na huyo Austine angenitambua. Phelister alifumba macho.

"Nimefurahi, Mama," akajibu.

Jana tulirudi gereji ili tumrudishe mzee alikotoka. Tukakuta mwenye ploti ameshamwaga saruji mpya, ufa wote umezibwa. Phelister akasimama pale, udongo mkononi.

"Ndinda," akaniuliza, "sasa nimpeleke wapi?"