Boksi Lililofika Hadi Kwenye Bati

Mpaka leo nikisikia mtu anataja wastani, kinyaa kinanipanda kooni.

Wakati ule nilikuwa nimeajiriwa Tunduma, kwenye karakana inayojenga mabanda ya kukaushia kahawa. Kazi yangu ilikuwa kulichora banda kwenye kompyuta, kupitisha humo upepo wa kubuni, na kuona unyevu unabaki wapi. Programu hukata nafasi yote vipande vidogo vidogo. Ukitaka jibu, unachora boksi. Nayo huchukua unyevu wa kila kipande kilichomo, huuzidisha kwa ujazo wa kipande hicho, hujumlisha, kisha hugawa kwa ujazo wa boksi zima. Haidanganyi. Mwongo ni mchora boksi.

Banda la kwanza lilikuwa la shangazi yangu wa Igamba, aliyetaka kuanika humo mavuno yake yote ya msimu. Nilichora boksi kuzunguka chanja za kuanikia tu. Jibu likaja baya: chanja za chini hazipati upepo. Bosi akaniinamia begani, anatafuna karanga, ananitemea chenga shavuni.

"Injinia, panua. Fika mpaka kwenye bati."

Nikapanua. Kule juu kulikuwa na hewa tupu, ya moto na kavu, nyingi kuliko ya chini. Ikazimeza chanja za shangazi. Wastani ukapendeza, nami nikasaini ripoti kwa mkono huuhuu ninaolia ugali.

Shangazi hupima kahawa kwa jino. Siku ya nne ya kuanika aling'ata punje ya chini, akanipigia simu. "Baba, hii bado laini. Niitoe nje juani?"

Nikamwambia aamini kompyuta.

Wiki iliyofuata nilikwenda. Harufu ilinipokea kabla ya mlango. Punje zilikuwa zimeshikamana, zimeota ukungu wa kijani, zinateleza vidoleni. Nikatapika palepale. Bosi, kwenye simu, akasema hesabu iko sahihi. Pumbavu kabisa, na mimi pumbavu mwenzake.

Nikamweleza shangazi yote, hata lile boksi. Alinisikiliza huku akikomba uozo kwa mikono.

"Kwa hiyo hizi za chini hamkuziona?"

"Tuliziona, shangazi. Mwanzoni kabisa."

Akaacha kukomba, akanitazama.

"Si ungenidanganya tu, baba," akasema. "Ungesema hamkuziona."