Siku Nilipopiga Chuku

Nikisikia harufu ya ndimu na majivu, namkumbuka baba hadi leo. Kila Jumamosi asubuhi baba alikaa barazani kwetu Goba akisugua vitu vyake vya kale: pasi za mkaa, rupia za Mjerumani, redio ya mbao iliyokwisha kunyamaza zamani. Alikuwa mwalimu, kila kitu kilikuwa na historia yake, na ole wako upige miayo kabla hajamaliza. Alichokithamini kuliko vyote ni pembe fupi la ng'ombe lenye tundu nchani, alilorithi kwa mama yake. Bibi alikuwa muumishi Temeke: alimchanja mgonjwa kidogo mgongoni, akabandika pembe, akavuta hewa kwa mdomo, damu chafu ikatoka. Sisi watu wa Pwani pembe hilo tunaliita chuku. Majirani zetu wengi walitoka bara, hawakuwahi kuliona.

Nilikuwa na miaka minane na mdomo usio na breki. Neema, mtoto wa jirani, alinitambia kwamba baba yake ana pikipiki mpya. Nikamjibu, "Babangu ana pembe la kunyonyea watu damu. Limejaa pomoni!" Halikuwa na kitu ila vumbi. Nilipiga chuku tu, kama tusemavyo mtu akizidisha maneno.

Wiki hiyohiyo mtoto wa mama muuza genge akapotea. Neema alimwambia baba yake maneno yangu, na Jumamosi saa nne asubuhi uwanja wetu ukajaa wanaume, Baba Neema mbele.

"Mumiani huyo!" alipiga kelele. "Ndo anayewamaliza watoto wetu!"

"Jamani, nisikilizeni," baba alisema, akaliinua pembe walione. "Hili la kuumikia, la marehemu mama..."

Laiti asingeliinua. Tofali la Baba Neema lilimpata usoni. Walimwangusha, wakamkanyaga mbavu, wakampasulia redio kichwani, na nikausikia mfupa wa mkono wake ukivunjika. Mtu mmoja alikwisha kuleta tairi, mwingine petroli. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilijua nikitoka niseme nimedanganya, huenda wakamwacha. Sikutoka. Nilijikojolea, nikaziba masikio. Aliyemwokoa ni mama muuza genge, aliyekuja mbio akimburuta mwanawe. Kumbe mtoto alikuwa kwa shangazi yake Kimara. Watu wakaondoka mmoja mmoja, hakuna aliyesema hata pole.

Baba alipoteza jicho la kushoto. Vitu vilivyosalia alivigawa, na hakukusanya tena hata sarafu. Alifariki bila mimi kumwambia maneno yale yalitoka wapi. Najichukia kwa hilo.

Siku hizi mabango ya hijama yamejaa mitaani kwetu. Ni kazi ileile ya bibi, ila kwa vikombe vya plastiki, na watu wanapanga foleni. Mwezi uliopita nilikutana na Baba Neema, mzee sasa, akitoka huko. Nilimpa shikamoo. Akainua shati anionyeshe alama za duara mgongoni.

"Inasaidia kweli, mwanangu. Wamenivuta damu chafu yote."

Hasira ilinipanda, nikatamani kupiga kelele ya mumiani nione watu wangapi watakuja. Badala yake nikamwambia, "Maneno yale ya pembe niliyazusha mimi. Siku ile mliyompiga baba."

Alinikazia macho, akatafuta kichwani, asipate kitu.

"Siku ipi, mwanangu?"