Siku Papa Alipogonga Jiwe

Mnisamehe mwandiko huu unaopanda na kushuka, na herufi nitakazokosea. Kiswahili nilikisoma shule ya msingi tu, katika kambi ya wakimbizi, chini ya turubai, na hadi leo nikiandika naenda polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Ningekuwa mtu wa kusema, ningesema.

Ni harufu iliyonianzisha. Jengo letu la Flemingdon Park, hapa Toronto, lina maegesho ya magari chini ya ardhi, na theluji ikiyeyuka maji hupenya ukutani, huko chini kukanuka jiwe lililolowa. Juzi nilishuka kumsaidia mama mizigo, harufu ikanipata, nikawa tena na miaka kumi na moja.

Mwaka huo kanisa letu lilikodi basi tukaenda kaskazini, mwendo wa saa nyingi, kuutembelea mji wa zamani wa dhahabu. Mji wenyewe ulikuwa umegeuzwa maonyesho. Kulikuwa na baa yenye milango ya kusukuma kwa kifua, na jela ya mbao ambamo watu walijifungia wenyewe ili wapigwe picha. Papa alivaa koti lake la kanisani. Kwetu Kivu, huko Kongo, alikuwa mchimba dhahabu. Hapa alikuwa anakata kuku kiwandani Brampton. Njia nzima aliniambia, "Leo utaona kazi ya baba yako."

Na kweli niliiona. Penye mfereji ambapo wageni waliosha mchanga kwa karai, Papa alizungusha lake mara nne, akalitikisa kidogo, chembe za dhahabu zikabaki pembeni kama chumvi. Wazungu walipiga makofi. Yeye aliniangalia mimi, si wao.

Lakini mimi nilikuwa namwangalia Deno. Deno alikuwa mtoto wa Kikenya, amenizidi miaka miwili, mama yake nesi, viatu vyake vyeupe pe. Alikuwa ameniruhusu nikae karibu naye kwenye basi, na hakuna mtu aliyewahi kuniruhusu jambo kubwa kama hilo.

"Kumbe mzae wako ni wa mashimo," aliniambia kwa Kisheng chake, akimtazama Papa. "Ndiyo maana wewe hunyamaza kama fuko."

Nilicheka, ili aone sijaumia.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo lazima niwaeleze. Shimoni, taa ikizimika, mkubwa wa kundi hugonga jiwe mara tatu, hutaja jina lake, husema "niko." Kila mmoja hufuata. Asiyejibu huitwa, asiyeweza kusema hugonga. Asipogonga, wote huchimba kwa mikono, na hakuna anayepanda juu. Papa alikuwa na msemo: "Shimoni, kimya ni mtu." Nyumbani umeme ukikatika aligonga ukuta, na mama, mimi na mdogo wangu Neema tukajibu huku tukicheka. Kwetu sisi ulikuwa mchezo.

Siku ile, kwenye mgodi wa mji ule, Mama na Neema walibaki juu. Sisi wengine tulishuka handakini tukiwa na kofia ngumu za njano. Msichana aliyetuongoza alisema kwa Kiingereza kwamba atazima taa dakika moja, tuonje giza la wachimbaji wa zamani. Kiingereza cha Papa kilikuwa cha kiwandani tu. Akaniuliza kutoka nyuma, "Anasema nini?"

Deno alikuwa ananitazama.

"Hakuna kitu," nikajibu.

Taa zikazimika. Wageni wakachekacheka. Halafu: ko, ko, ko.

"Papa Bisimwa, niko." Akangoja. "Bisimwa."

Bisimwa ni mimi. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake.

"Usijibu," Deno alininong'oneza sikioni. "Ngoja tuone."

"Bisimwa, mwanangu. Kama huwezi kusema, gonga."

Kiganja changu kilikuwa juu ya jiwe. Lilikuwa baridi, linatoka maji. Hata kwa kidole kimoja angenisikia. Sikugonga. Kisha nikasikia mawe yakiburutwa.

Taa ziliporudi, Papa alikuwa amepiga magoti kwenye lundo la kifusi lililowekwa pale kwa maonyesho, koti limejaa tope, anachimba kwa mikono miwili. Kucha mbili zilikuwa zimeng'oka.

"Mzae, viazi vimeiva?" Deno akauliza kwa sauti.

Watoto walicheka. Wazee wa kanisa nao walicheka, wengine wamefunika mdomo. Na mimi nilicheka. Papa aligeuka akanikuta hivyo, meno nje.

Hakunipiga. Alinishika kichwa, mabega, mikono, kimoja kimoja, akaniachia damu shingoni.

"Vizuri," akasema. "Uko mzima."

Tukirudi Toronto, kila mara basi lilipopita chini ya daraja watoto waligonga viti mara tatu wakapaza sauti, "Niko!" Papa alikaa mbele, vidole amevifunga kwa karatasi za mandazi, akitazama barabara.

Mama ndiye aliyeniambia, miaka baadaye, kwa hasira, siku niliyomjibu Papa vibaya. Jina langu lilikuwa la mdogo wake Papa. Shimo lilipomwangukia, Papa alimwita, naye akagonga. Aligonga kutwa nzima. Mwenye shimo akaogopa sehemu iliyobaki isije ikaporomoka, akaamuru Papa na wenzake watolewe kwa nguvu, na shimo likafukiwa. Bisimwa alikuwa bado anagonga.

Yule alikuwa chini ya mawe, na akajibu. Mimi nilikuwa hatua tatu, mzima, nikanyamaza.

Tangu siku ile ya handakini Papa hagongi tena. Majira ya baridi yaliyopita umeme ulikatika jengo zima, adhuhuri, na wingu la theluji likafanya giza ndani. Niligonga ukuta mimi. "Bisimwa, niko." Mama akajibu kutoka jikoni. Neema, ambaye siku hizi kila kitu hukijibu kwa Kiingereza, akajibu kwa Kiswahili. Papa alikuwa kwenye kochi, karibu yangu kabisa. Nilimsikia akivuta pumzi kama anayetaka kusema. Halafu umeme ukarudi, naye akainuka akaenda kuosha kikombe.

Wewe uliyefika hapa, tafadhali niandikie. Haidhuru iwe fupi, na mwandiko wako sitaucheka. Andika jina lako, na chini yake uandike: niko.