Mlango wa Libuyu

"Tarehe 14 ya mwezi wa kumi na moja, 2013. Mvua ndogo tangu alfajiri, mlima hauonekani. Tumeenda kutafuta mlango."

Hayo tu ndiyo yaliyo katika daftari langu kwa siku ile. Mengine sikuyaandika kwa sababu ya aibu. Leo nayaandika, ingawa nilifika darasa la tano tu na sijui kama nitayapanga vizuri. Mahali ambapo kumbukumbu yangu imeyumba, nitasema.

Vita vya hapa kwetu Goma vilikuwa vimekwisha wiki chache kabla, na waasi walikuwa wamefukuzwa upande wa juu. Tuliporudi nyumbani kutoka Birere, ambako tulikuwa tumejibana kwa ndugu, tulikuta nyumba imesimama na paa lipo, lakini hakuna mlango. Tulikuwa watu watatu: mimi, mama mkwe wangu, na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Mume wangu alikuwa amekwisha kufa, kwa ugonjwa, si kwa risasi.

Mlango ule ulikuwa wa mbao ya libuyu, nyekundu na nzito, na juu tulikuwa tumepaka rangi ya kijani. Mwaka wa volkano, 2002, mume wangu aliubeba kichwani mpaka ng'ambo ya mpaka, Gisenyi. Watu walibeba magodoro, wengine mabati, yeye alibeba mlango. Nyumba ya kwanza iliungua yote. Tulipojenga ya pili juu ya mawe yaliyopoa, kitu cha kwanza kusimama kilikuwa ule mlango, kabla ya kuta. Kwa hiyo mama mkwe alipoona tundu tupu, alikaa chini pale kizingitini na akaniuliza mimi, si mwanawe. Maana wakati wa vita ni mimi peke yangu niliyerudi siku moja kuchukua maharagi.

Nilimwambia askari walivunja mlango kwa mateke, mimi nikiangalia. Askari wa upande gani, sitasema. Wote walipita kwetu, na wote walikuwa na baridi.

Shemeji hakuchukua muda. Alisema atanunua mlango wa chuma, lakini ufunguo utabaki kwake, kwa kuwa mwenye kufunga nyumba ndiye mwenye nyumba. Mimi nilijua maana yake. Siku ufunguo utakapokuwa mfukoni mwake, siku hiyo nitakuwa mgeni anayepiga hodi. Nikasema mlango wetu upo, uko kwenye posisio, tutautafuta. Mama mkwe akatupa siku moja. Na akasema tuende wote wawili, ili mmoja asirudi na hadithi yake peke yake.

Posisio ni vile vibanda vya mawe ambavyo askari walijijengea ili wajifiche na kupiga risasi. Vilikuwa vingi kando ya mto. Mto wetu hauna maji: ni lava ya 2002 iliyoshuka hivyo, ikakauka hivyo, na kingo zake na kona zake. Sisi wa mtaa ule tunauita mto tu. Askari walipanga mawe meusi kwenye kingo, wakaacha tundu la bunduki, na juu wakaezeka kwa milango ya watu, kisha udongo. Ndiyo maana mwezi ule ungekutana na watu wengi huko, kila mmoja akitafuta mlango wake.

Tuliondoka na baiskeli mbili. Yangu ilikuwa ya marehemu, na mnyororo wake ulilia kila ulipozunguka. Shemeji alipanda mbele, hakugeuka, ila kunitupia maneno.

"Hii velo yako, askari wangeisikia wangekimbia mbele ya vita."

Nilimtazama mgongo na nikamtakia kuanguka. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Na ni kweli pia kwamba tairi langu lilipopoteza upepo, yeye ndiye aliyesimama akalipuliza kwa pampu yake, ingawa alilipuliza akitukana.

Posisio ya kwanza ilinuka. Wapita njia walikuwa wameigeuza choo. Ya pili ilikuwa na makopo ya samaki na soksi moja, na mlango wake wa bluu ulikuwa umelazwa chini kama kitanda. Ya tatu ilikuwa imekwisha kuvuliwa paa. Mtu aliyekuwa akivunja mawe karibu alituonya tusiguse chuma chochote tusichokijua, na tangu hapo nilitembea nikiangalia kila mahali mguu wangu unapokanyaga. Shemeji alicheka. Alisema mimi ambaye sikuogopa askari siku ile ya maharagi, leo naogopa kopo. Sijui kama alikuwa ameanza kunishuku, au alikuwa anachokoza tu. Mpaka leo sijui.

Ya nne ilikuwa tupu. Ya tano ndiyo ilikuwa kubwa. Tuliinama tukaingia. Ndani kulikuwa na majivu, na ukutani mtu alikuwa amechora kwa mkaa vijiti vya siku, vingi, vimepangwa vizuri. Niliinua macho. Juu ya kichwa changu, kati ya tope, kulikuwa na kijani, na pale tope lilipobanduka kulikuwa na wekundu wa libuyu.

Nikasema ndio huu. Shemeji akasema milango ya kijani Goma ni kama majani, na kwamba mjane mwenye haja ataona mlango wake hata kwenye sanduku la maiti.

Lazima nimtendee haki: ni yeye aliyetoa mawe ya juu. Mimi nisingeweza. Alifanya kazi muda mrefu kwenye mvua, mikono ikatoka damu, kisha tukaushusha mlango pamoja na kuulaza kwenye majani. Ulikuwa na matundu mawili ya risasi na kona moja imeungua. Kitasa kilikuwepo. Nikatoa ufunguo niliokuwa nimeufunga kiunoni miezi yote ile, nikausukuma ndani. Uligoma, kwa sababu ya mchanga. Nikakipuliza kitasa, nikajaribu tena, na ulimi wa kitasa ukatoka.

Nilimtazama shemeji usoni. Sikuficha furaha yangu, na ilikuwa furaha mbaya.

Yeye hakuwa anaangalia kitasa. Alikuwa amechuchumaa upande wa bawaba. Zote mbili zilikuwepo, zimenyooka, na matundu ya visi, zile skrubu za kuzishikilia kwenye fremu, yalikuwa safi, mbao haikupasuka hata kidogo. Aligusa kwa ncha ya kidole tundu moja, halafu lingine.

"Huu mulango haukupigwa teke," akasema. "Visi vilifunguliwa kimoja kimoja. Na turnevis ya mukubwa wangu iko wapi?"

Turnevis, ile bisibisi ya kaka yake marehemu, ilikuwa nyumbani, kwenye sanduku la vyombo, mahali pake.

Hii ndiyo habari ambayo daftari halina. Siku ya maharagi nilikuta askari wawili mlangoni. Mmoja alikuwa ameinua mguu. Mwingine alikuwa na kikohozi, akaniambia: mama, tunauchukua kwa vyovyote, lakini ukitusaidia hautapasuka, na vita vikiisha tutauleta. Nilimwamini nusu. Nikaona bawaba zikivunjika, nikaona mbao ambayo mume wangu alibeba kichwani ikipasuka, nikaleta turnevis. Nilifungua visi mimi mwenyewe, kwa sababu yule askari alikuwa anaviharibu vichwa. Vyote vinane niliviweka kwenye kopo. Hata nilishika upande mmoja kuwatolea nje.

Ningeweza kumwambia shemeji kwamba askari walikuwa na turnevis yao. Maneno hayo yalifika mpaka kwenye meno. Lakini nilikuwa nimekwisha kuchoka na uongo wa kwanza.

"Ni miye nilifungua," nikasema.

"Mulango wa mukubwa wangu, uliwapa na mikono yako."

"Niliwapa usivunjike. Uangalie, haukuvunjika."

Akasema hayo nitamweleza mama. Alinisaidia kuufunga mlango kwa kamba juu ya baiskeli yangu, akaikaza vizuri, siwezi kusema hapana. Kisha akapanda yake na akaenda. Mimi mwenye mzigo nilipaswa kusukuma. Alijua hivyo. Nilimwona akipungua kwenye ule ukingo, mgongo wake mdogo, akipeleka maneno yangu kabla yangu.

Nilipofika, mama mkwe alikuwa amekaa palepale kizingitini. Alikuwa ameambiwa yote, na zaidi: kwamba nilicheka na askari, kwamba niliwapa na maharagi. Kama ni shemeji aliyeongeza au ni hasira ya mama, siwezi kuapa. Hakuniambia nikae. Alipitisha kiganja juu ya mlango, akafika kwenye matundu ya risasi, akayaziba kwa vidole viwili.

"Visi viko wapi?" akauliza.

Nilileta kopo. Akamimina kwenye kitenge, akakuta saba. Shemeji akaguna. Ikabidi niseme kwamba cha nane nilikitumia kwenye kiti cha baiskeli kilipolegea. Nikaenda kukifungua mbele yao, kiti kikabaki kinayumba, nikamwekea mama mkononi.

"Ulivichunga," akasema. Haikuwa sifa. Ilikuwa kama mtu anayesoma karatasi na kukuta jambo ambalo hakulitegemea. Halafu akasema: "Na ulinidanganya miye mbele ya hili tundu, kila siku."

Nilisema ndiyo, mama.

Shemeji alishika mlango, mimi nilikaza visi. Mikono yetu ilikuwa karibu. Nilipomaliza cha nane, mlango ukajifunga vizuri, ila ulikwaruza kidogo chini. Shemeji akanyoosha mkono kwa ufunguo. Nami nilikuwa nimeushika.

Mama mkwe akauchukua kutoka kwangu, akaufunga katika ncha ya kitenge chake, mafundo mawili.

"Mulango wa chuma hapana, usinunue," akamwambia mwanawe. Kisha akanigeukia mimi. "Na weye utapika, tutakula, utanigongea kesho ukitaka kutoka."

Jioni ile tulikula bugali ya muhogo na sambaza, vile visamaki vya ziwani, kutoka soko la Kituku, kwa nyanya chache. Nilimwekea shemeji fungu lake sawa na letu, samaki kwa samaki. Alikula yote, mlango ukiwa umefungwa, na hakuniangalia.