Jivu la Mbegu

Enzi zetu mboga hazikununuliwa. Mtu akionekana anatoka sokoni Birongo na fungu la mboga, watu waliulizana ni nani anaugua kwao. Kila mama alikuwa na kibustani nyuma ya jikoni, mahali lilipokuwa zizi la zamani, na mwezi wa pili ukielekea kuisha, mawingu yakianza kujikusanya, sote tulijua kazi imefika. Siku hizi mgongo ndio unaoniambia mvua inakuja, na wala haunifurahishi.

Sisi watoto tulivunja mabonge kwa mikono mpaka udongo ukawa laini. Kupanda kulikuwa kwa mama mwenyewe. Mbegu za chinsaga, ile mboga chungu inayolazwa kwenye maziwa ndipo iliwe, ni ndogo mno. Ukizitupa hivi hivi zinaangukia mahali pamoja. Kwa hiyo mama alizichanganya na jivu, akaziweka katika chungu kilichomeguka mdomo, kando ya mafiga, wadudu wasizile. Siku ya kupanda alichota jivu na mbegu pamoja, akatawanya akitembea kinyumenyume. Mbegu hiyo alipewa na mama mkwe wake alipoolewa, na kila msimu aliacha mashina machache yakomae ili isimpotee.

Miaka michache baada ya uhuru, nikiwa darasa la nne, niliipoteza mimi.

Ilikuwa Ijumaa. Kwetu ni Wasabato, na Ijumaa nyumba ilisafishwa kabla jua halijazama, maana baada ya hapo hapana kazi. Mama alikwenda kuchuma chai, akaniachia kazi ya jikoni. Nilizoa jivu lote la mafigani, kisha nikaona chungu kilichojaa jivu, nikadhani ni mama aliyepata uvivu. Nikamwaga vyote chini ya migomba. Chungu nikakiosha na kukifudikiza juani, nikakaa kusubiri kusifiwa.

Mama alirudi jua likiwa limegusa kilima. Alitua kikapu, akakiona chungu, akaketi kizingitini. Aliniuliza nimemwaga wapi, nikamwonyesha kwa kidole. Aliinuka akafika hapo, akachutama na kunyoosha mkono, kisha akatazama jua na kuurudisha. Sabato ilikuwa imeingia. Nilitamani anichape nimalize, lakini hakunigusa.

Kesho yake mvua ilitukuta kanisani. Mama hakuimba. Alikuwa akitazama dirishani maji yakishuka, nami nilikuwa nikimtazama yeye, na sijawahi kuogopa mvua kama siku ile.

Baada ya wiki hivi vilichipuka vimche vyembamba pale migombani, vikitafuta jua. Mama alikata majani ya migomba yake mwenyewe ili mwanga uingie, akatukataza kuchuma hata jani moja. Msimu mzima tulikula majani ya maboga mpaka baba akauliza kama tumekuwa mbuzi. Mwishowe mbegu zikakauka, konzi moja tu. Mama alizichanganya na jivu jipya mbele yangu.

“Sasa tuko wawili tunaojua hili si jivu,” akasema. “Siku nisipokuwepo, ni wewe utakayesema.”

Mama alipanda mbegu hiyo hadi uzeeni. Alipofariki, jiko lake la zamani lilisafishwa ili wapishi wa matanga wapate nafasi. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwenye kiti cha kukodi, miguu imevimba, nikihesabu sufuria. Mke wa ndugu yangu, mwanamke mwenye adabu, akatoka na chungu kilichomeguka mdomo.

“Dada, hili jivu tumwage chooni? Wageni ni wengi, litapunguza harufu.”

Nikaitikia kwa kichwa bila kuangalia vizuri.

Nilikumbuka siku ya tatu baada ya mazishi, nikikunja nguo zake. Nilikwenda migombani hata hivyo, nikazunguka pale huku nikijua hakuna kitu. Nililia huko, nikarudi kukunja nguo.

Sasa nanunua mbegu za pakiti zenye picha. Zinaota vizuri, sina neno. Wajukuu wanaipiga picha miche kabla sijainywesha maji, na wanaisifu chinsaga hii kwa kuwa haina uchungu. Mboga isiyo chungu wanaiita tamu, na mimi nawaachia, maana kubishana nao nako kunataka nguvu.

Wenzangu tuliolingana nao umri husema vijana wa leo hawatunzi kitu. Mimi huendelea kuchambua mboga. Mama alizuiwa na Sabato, kisha akazuiwa na mvua, na bado mbegu yake aliipata. Mimi sikuzuiwa na chochote. Nilikuwa nimechoka tu.